Nywele za Mwezi wa Kwanza

Shuping alileta mikate ya mvuke ishirini na minne, na hapo hapo kaka yake, Mwalimu Mou, akajua kwamba ataombwa kitu. Watu wa Laiyang hawaendi kwa ndugu mikono mitupu siku za mwaka mpya, lakini mikate minane inatosha kabisa kwa heshima. Ishirini na minne, kila mmoja mkubwa kama kichwa cha mtoto na umechomekwa tende nyekundu hadi chini, ni mikate ya mtu mwenye shida.

Nyuma yake aliingia Kaiyuan, mwanawe wa pekee, amevaa kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi. Ilikuwa siku ya sita ya mwaka. Nje barafu ilikuwa imeganda kwenye ndoo, lakini ndani kitanda cha matofali kilikuwa kimepashwa moto tangu alfajiri, na kila mtu alikuwa na fulana tu.

"Vua kofia mwanangu, utatokwa jasho," alisema Xiuzhi, mke wa Mwalimu, akiweka sahani ya karanga.

"Niko sawa."

"Vua bwana, usije ukanung'unika huko kwamba kwa mjomba wako hukukaribishwa."

Kaiyuan alimtazama mama yake. Mama yake akatazama karanga. Kofia ikatoka, na nywele zikamwagika hadi mabegani, nyeusi zinazong'aa, na nchani zina rangi ya chai, kumbukumbu ya miaka miwili aliyokaa Guangzhou akiwatengenezea watu kahawa. Xiuzhi alirudi jikoni kuchemsha maandazi ya nyama, lakini mlango aliuacha wazi.

Ikapita nusu saa ya kuzunguka mbuyu. Waliongelea bei ya mapeasi yao, ambayo mwaka ule yalikuwa madogo, wakaongelea jirani aliyelipua fataki ndani ya choo, wakaongelea afya ya kila mtu aliye hai. Mwishowe Mwalimu, ambaye alifundisha fizikia miaka thelathini na nne na hakuwa na subira na watu wasiofika kwenye jibu, akagonga meza.

"Shuping, sema. Mikate nimeihesabu."

Dada mtu akamsukuma mwanawe kiwiko. Kaiyuan akatoa simu na kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Shirika la reli lilikuwa limemwita kwenye usaili wa uhudumu wa treni za mwendokasi. Kituo ni Yantai, saa moja tu kutoka nyumbani. Afike siku ya tisa, saa tatu asubuhi. Wanaume, nywele zisiguse masikio wala kola. Ujumbe ulikuwa umeingia jana yake.

"Ungekuja kabla ya mwaka kuisha," Shuping aliiambia simu, "ungekufa?"

"Basi tatizo liko wapi?" aliuliza Mwalimu kwa nguvu. "Akanyoe!"

Jikoni mwiko ulianguka. Xiuzhi akatokea mlangoni na unga mikononi.

"Hanyoi."

"Xiuzhi..."

"Hanyoi, Mwalimu! Mtu akinyoa mwezi wa kwanza, anayekufa ni mjomba wake. Si baba yake, si jirani yake. Mjomba! Wifi, wewe huna hata haya? Umemletea kaka yako mikate ya matanga akiwa bado anapumua?"

"Wifi, nimekuja kuomba, sikuja kuua," alisema Shuping, na machozi yakawa karibu. "Angekuwa na wajomba wanne ningesema wagawane. Mama alituzaa wawili tu, nifanyeje?"

"Na mwaka huu! Mwaka wa Farasi, na yeye alizaliwa mwaka wa Farasi! Mwaka wa mtu mwenyewe ndio unaomwinda. Baba mkwe alikuwa Farasi pia, na mwaka wa Farasi ndio uliomchukua, tena ana miaka sitini, kama huyu hapa!"

"Baba aliuawa na mapafu," alisema Mwalimu. "Sigara pakiti mbili kwa siku. Hakuna farasi aliyemvutisha. Nywele ni kitu kilichokufa tayari, haziwezi kumuua mtu aliye upande wa pili wa mji. Hizi ni nguvu gani? Zinapita kwenye nini? Nionyesheni kanuni!"

"Mimi mwenyewe siyaamini haya, mjomba," Kaiyuan akasema taratibu. "Kinyozi wa mjini angeninyoa bila kuuliza. Ni mama aliyesema sinyoi mpaka wewe mwenyewe useme ndiyo."

"Ndiyo! Nimesema! Tena nitakupeleka kwa mkono wangu. Kinyozi Bi, bwana yule niliyemfundisha, anafungua siku ya nane."

Alilisema kwa sauti iliyowafikia majirani wa pande zote mbili, kisha akala andazi la moto mno na kuunguza ulimi.

*

Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe hakuusema: Mwalimu Mou aliogopa. Aliogopa tangu mkesha wa mwaka, mkewe alipomwekea kitandani chupi nyekundu sita, soksi nyekundu jozi sita na mkanda mwekundu, rangi ya kumkinga mtu katika mwaka wake, na yeye akacheka kwa dharau, kisha akavaa vyote. Baba yake alikuwa amekufa kwenye kitanda kile kile cha matofali, mwezi wa pili wa mwaka wa Farasi, akiuliza kila asubuhi ni tarehe ngapi. Mtoto wake aliyemjibu alikuwa kijana wa fizikia aliyejua kila kitu. Sasa kijana yule alikuwa na sitini, alikuwa na kifua kinachobana akipanda ngazi, na usiku alijikuta akipiga hesabu ambazo hakuna mtu aliyemtuma.

Kwa hiyo siku ya saba, Xiuzhi alipokuja na wazo lake la vibanio, Mwalimu aliliunga mkono haraka kuliko inavyompasa mwanasayansi.

Wazo lenyewe lilikuwa kuzibana nywele zote kichwani, kuzipaka mafuta, kisha kuzifunika na kofia ya sare ambayo Shuping aliiazima kwa mlinzi wa benki. Walitumia vibanio thelathini na kimoja. Kaiyuan alikaa kwenye kigoda akiuma meno, wanawake wawili wakimshambulia kutoka kushoto na kulia. Walipomaliza, kofia ilikaa juu kabisa ya kichwa, haikugusa hata sikio moja, na kijana alionekana kama mkate wa mvuke uliovishwa sare.

"Tumfanyie majaribio," alisema Mwalimu. Akakaa nyuma ya meza, akavaa miwani, akakunja uso kama wakubwa wa reli. "Jina?"

"Luan Kaiyuan."

"Abiria amepoteza tiketi na analia. Utafanya nini?"

"Nitamwinamia kwa heshima, nimwambie—"

Akainama. Kibanio cha kwanza kiliruka na kutua kwenye sahani ya karanga. Kofia ikafuata, ikaangukia kikombe cha chai cha Mwalimu, na nywele zikashuka zote kwa mkupuo, na vibanio vikining'inia humo kama samaki waliokwama kwenye wavu. Xiuzhi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakumbuka wanacheka nini, akaanza kuokota vibanio kimoja kimoja sakafuni.

"Asiende," alisema bila kuinua uso. "Kazi zipo nyingi."

"Zipo Guangzhou," alisema Shuping.

Hapo palikuwa na neno lote. Kaiyuan asipoipata kazi ya Yantai, siku ya kumi anapanda treni ya kusini, na Shuping, aliyefiwa na mume mtoto akiwa na miaka sita, ataendelea kula peke yake mezani hadi mwaka mwingine. Mwalimu alitoka kwenda uani kuongeza makaa kwenye jiko ambalo lilikuwa limejaa makaa.

*

Kinyozi Bi alikuwa amebandika karatasi kwenye kioo cha mlango: "Mwezi wa kwanza tunaosha nywele na kupaka rangi. Anayetaka kunyoa aje na mjomba wake, akiwa hai, aweke dole gumba." Si kwamba Bi alikuwa mshirikina sana. Mwaka juzi alimnyoa kijana mmoja siku ya kumi na mbili, na siku ya kumi na tatu mjomba wa kijana akaanguka kwenye ngazi akishusha taa za sikukuu, akavunjika mguu. Alikuja dukani kwa magongo kila siku kwa muda wa mwezi mzima, akakaa kwenye kiti cha wateja, akimsimulia kila anayeingia.

"Mwalimu!" Bi alisimama wima, kama bado yuko darasani. Alikuwa amewahi kupata kumi na saba kwa mia katika mtihani wa Mwalimu Mou, na kila walipokutana wote wawili walikumbuka. "Umekuja kuosha?"

"Nimekuja kumnyoa mpwa wangu."

Akina mama watatu waliokuwa na rangi vichwani waligeuka pamoja. Mwalimu aliona hii ni nafasi ya kufundisha, akasafisha koo.

"Ndiyo. Mwezi wa kwanza. Mimi ndiye mjomba, na mnaniona mzima. Kuna watu mpaka leo wanaamini mkasi unaweza kumuua mtu ambaye haujamgusa. Leo tutafanya jaribio, na ninyi ni mashahidi. Bi, lete hiyo karatasi yako."

Karatasi ilikuwa kwenye meza fupi ya magazeti. Ilisema: "Mimi, mjomba wa fulani, nikiwa na akili timamu, nimeruhusu, na lolote likinipata sitakuja na magongo." Mwalimu akainama kuandika jina. Koti likapanda, sweta likapanda nalo, na ukingo wa chupi ukachungulia juu ya mkanda mwekundu, nao ni mwekundu kuliko pilipili.

"Hongera kwa mwaka wako, Mwalimu!" alipiga kelele mama mmoja, na wenzake wakavunjika mbavu.

Mwalimu alishusha koti. Masikio yake yalikuwa yamechukua rangi ile ile. "Ni kwa ajili ya baridi," alisema. "Nyekundu inashika joto."

"Mwalimu," alisema Bi kwa adabu zote, "si ulitufundisha ni nyeusi inayoshika joto?"

"Kaa na alama zako kumi na saba!"

Akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Alitaka kulibonyeza mara moja, kwa ushujaa. Lakini kidole kilitetemeka, na alama ikatoka imechafuka, kama madole matatu yaliyopandana. Akajaribu tena pembeni. Ikatoka vilevile.

Kaiyuan alikuwa ameshakaa kwenye kiti, amefungwa kitambaa shingoni, na kupitia kioo aliona yote. Aliona ule mkono. Ndio mkono uliomshikia baiskeli kwa nyuma alipojifunza kuendesha, na hakuwahi kuuona ukitetemeka. Akainuka, akafungua kitambaa, akakikunja vizuri.

"Twende nyumbani, mjomba."

"Kaa chini."

"Sikai."

"Kazi unaitaka, huitaki?"

"Naitaka."

"Mambo haya unayaamini?"

"Siyaamini hata kidogo."

"Basi kaa chini, mtoto mjinga! Kipi kinakushinda?"

"Zipo kazi nyingi," alisema Kaiyuan. "Mjomba ninaye mmoja tu."

Mama mmoja aliacha mdomo wazi, rangi ikimchuruzika shingoni bila yeye kujua. Mwalimu alisimama na dole lake lenye wino hewani. Angeweza kwenda nyumbani. Hakuna mtu mjini ambaye angemlaumu, na mkewe angemchinjia kuku. Roho yake yote ilitaka kwenda nyumbani. Kisha akamwona dada yake, jioni ya kawaida isiyo na sikukuu, anapika bakuli moja la tambi, anaosha bakuli moja, anakaa kuitazama simu. Akaona kwamba kama kuna kitu kitakachomuua mwaka huu, basi ni kuyatazama hayo huku akijua yeye ndiye aliyeyataka.

Alimkamata mpwa wake mabega na kumkalisha. Akanyakua mashine ya kunyolea kwenye ndoano.

"Mwalimu, ngoja, hiyo haina kichana!"

Ilishachelewa. Mwalimu aliiweka mashine kwenye paji la uso la Kaiyuan na kuisukuma hadi kisogoni bila kusimama. Nywele zilianguka mapajani kwa fungu moja. Katikati ya kichwa palibaki barabara nyeupe, imepinda kidogo kulia, na upana wake unatosha vidole vinne.

"Haya," alisema, akihema. "Nimejiua mwenyewe. Mtu asimlaumu mtu."

Wakatazamana kwenye kioo, mjomba na mpwa, na hiyo barabara katikati yao. Aliyeanza kucheka ni Kaiyuan. Mwalimu akafuata, akacheka mpaka akashika kifua, na Bi akarukia kumletea kiti kwa hofu ya kupata mjomba wa pili wa magongo.

Kwa kazi ile hapakuwa na mtindo wa kuokoa isipokuwa upara. Bi alimalizia, akisisitiza mbele ya mashahidi kwamba yeye ananyoa pembeni tu, katikati si yake.

Xiuzhi alikuwa ameambiwa wamekwenda kununua karanga. Upara ulipoingia mlangoni, alivua kandambili akamrushia mumewe, kisha akakimbia kumkagua kama imempiga mahali pabaya.

*

Siku ya tisa wakubwa wa reli walimtazama Kaiyuan kwa muda mrefu.

"Upara, mwezi wa kwanza," alisema aliyekaa katikati. "Kwani huna mjomba?"

"Ninaye, mkuu. Ndiye aliyeninyoa."

Walicheka, na wakamwuliza habari za abiria aliyepoteza tiketi. Akainama kwa heshima, na safari hii hakuna kilichoanguka. Siku ya kumi na mbili alianza mafunzo, kitanda chake kikiwa Yantai, na Jumapili akila kwa mama yake.

Nyumbani kwa Mwalimu yalianza maisha ya yai. Xiuzhi alimkataza kupanda kigoda, kula karanga nzima, kuvuka barabara peke yake na kubishana na mtu aliyemzidi uzito. Mwalimu alilalamika kila siku na kutii kila siku. Na kila alfajiri, saa kumi na mbili kamili, simu iliita.

"Mjomba, samahani, hivi maji yanachemka kwenye nyuzi ngapi?"

"Mia moja. Umenipigia alfajiri hii kwa ajili hiyo?"

"Kuna mtu hapa tunabishana. Haya, ahsante."

Kesho yake alitaka kujua kwa nini mbingu ni ya buluu. Keshokutwa, kwa nini vipande vya reli huachiwa nafasi katikati. Akamaliza joto, akaingia kwenye mwanga, akaja kwenye sauti. Kila mara alisubiri tu mjomba aitikie, akasikiliza jibu nusu, akaaga. Mwalimu hakuwa mjinga. Alijua anachohesabiwa ni pumzi. Alimwambia mkewe kwamba mtoto huyu ni msumbufu, hajui watu wanalala, na alianza kuamka saa kumi na moja na nusu ili achane nywele na kukaa karibu na simu.

Mwezi wa kwanza ukaisha, ukaja wa pili. Siku yake ya pili ndiyo siku ambayo Joka huinua kichwa, na mji mzima hukimbilia kwa vinyozi. Alfajiri ile, mbele ya duka la Bi watu walishapanga foleni, baba na watoto, wakipuliza viganja. Wajomba wa Laiyang walikuwa wamevuka. Mwalimu aliamka akiwa mzima, hata kifua hakikubana. Akachana nywele, akakaa.

Saa kumi na mbili simu haikuita.

Saa kumi na mbili na robo aliikagua kama ina chaji. Ilikuwa nayo. Akasema moyoni kwamba vizuri, angalau leo atakunywa chai kwa amani, lakini chai hakuimimina. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshatembea chumba mara kumi, amekasirika, kisha hasira imeisha, na kilichobaki kilikuwa hofu ile ile aliyokuwa nayo kwa Bi, alipobonyeza dole. Ila safari hii hakuwa anajiogopea mwenyewe. Akapiga.

"Haloo?" Sauti ilikuwa ya usingizi.

"Mbona hukupiga?"

"Mjomba! Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nauliza mbona hukupiga."

"Si leo Joka kainua kichwa? Nikasema nikuache ulale. Hatari imekwisha."

"Hatari gani? Nani alikuwa na hatari? Wewe si huamini?"

"Siamini."

"Hata mimi siamini."

"Basi, mjomba."

"Basi."

Hakuna aliyekata. Kaiyuan alisikia upande wa pili kijiko kikizungushwa kwenye kikombe kisicho na kitu. Mwalimu alisikia kitanda kikilia, mtoto anakaa vizuri.

"Kesho piga," alisema Mwalimu.

"Nikuulize nini sasa, mjomba?"

"Umefanya joto, mwanga na sauti. Umeme hujaugusa hata kidogo. Mtu wa treni za umeme, huoni aibu?" Akaweka kijiko chini. "Na umeme ni mada ndefu, mwanangu. Mimi huifundisha taratibu."